Kijivu au mchanga: sebule niliyoipaka mara mbili

Kwenye kadi ya dukani vipande viwili vilikuwa vimepakana, kijivu chepesi kushoto na rangi ya mchanga kulia, kila kimoja ukubwa wa stempu ya posta. Muuzaji aliziba kimoja kwa kidole gumba ili nione kingine vizuri, kisha akageuza, na mimi nikawa natikisa kichwa kama mtu anayelinganisha. Uongo mtupu. Kijivu nilikuwa nimeshakichagua tangu nyumbani, kitandani, usiku, kwenye simu.

Nieleze kwanza kilichonifikisha hapo. Nimepanga miaka kumi na moja, nyumba nne, na zote nne zilikuwa krimu. Krimu yenye alama nyeusi za vichwa nyuma ya kochi, krimu yenye michirizi ya maji chini ya dirisha, krimu ambayo mpangaji aliyetangulia aling'oa misumari yake akaziba matundu kwa dawa ya meno. Kwangu krimu ina harufu ya kodi ya miezi sita. Tulipohamia kwetu, Goba, Dar es Salaam, nyumba haijaisha lakini ina paa na madirisha, nilisema mbele ya watu kwamba krimu haitaingia mlango ule. Mume wangu ndiye aliyeitaka krimu. Tulipofika dukani akateremka hadi kwenye mchanga, akasema, "Mama watoto, basi hii, tukutane katikati." Nikasema kijivu. Hakubishana. Alitoka nje kupokea simu ambayo, nina hakika, haikuita.

Kosa la kwanza nililifanya nikiwa bado dukani, nalo lilikuwa la hesabu. Sebule yetu ni mita 5 kwa 4, na kimo mita 2.8. Mzunguko ni mita 18. Zidisha kwa 2.8 unapata mita za mraba 50 na kidogo. Toa madirisha mawili na milango miwili, zinabaki kama 43. Unapaka mikono miwili, yaani ukuta wote mara mbili, kwa hiyo hesabu ni 86. Kwenye ukuta uliosuguliwa vizuri, lita moja ya rangi ya maji inatembea mita za mraba kumi hivi, pengine zaidi kidogo. Yaani nilihitaji lita tisa. Nilinunua ndoo ya lita 20, kwa sababu muuzaji alisema ndoo ni nafuu kuliko galoni. Ni nafuu kweli, ukiwa na mahali pa kuipaka. Na rangi iliyochanganywa kwa mashine hairudishwi dukani. Wanaandika hivyo kwenye risiti, na mimi risiti nilikuja kuisoma baadaye.

Ndoo ilinitoka kwa shilingi 165,000. Fundi 70,000. Msasa, rola, tepu ya kubandika kingo na nailoni ya kufunika vigae, 28,000. Weka hizo kichwani, nitazirudia.

Fundi alipopiga mkono wa kwanza nilishtuka maana ukuta ulikuwa karibu mweupe. Akaniambia, "Mama, rangi ya maji usiihukumu ikiwa mbichi. Ikikauka inashuka." Ni kweli, ilishuka. Mpaka jioni kuta zilikuwa zimekolea hatua nzima kuliko kile kipande cha kwenye kadi, na hapo pana jambo ambalo hakuna aliyeniambia: kuta nne zinapoangaliana, kila moja inatupia mwenzake rangi. Kipande kidogo unachokiona mkononi kikipelekwa chumba kizima kinaongezeka nguvu. Sasa hivi nikipenda rangi kwenye kadi, nachukua ile iliyo juu yake, iliyopoa zaidi.

Usiku ule tulikaa tukaisifia. Asubuhi saa moja nikatoka chumbani na kikombe cha chai, nikasimama kizingitini. Sebule ilikuwa ya zambarau.

Si zambarau ya kusema zambarau. Ile rangi ya shati jeupe la shule lililofuliwa ndoo moja na kaptula mpya ya buluu. Nilifungua mapazia, ikazidi. Nikayafunga nikawasha taa, ikawa ya buluu ya friji. Nikajiambia macho yangu bado yana usingizi. Saa nne ilikuwa vilevile, na saa saba mchana ndiyo mbaya kuliko zote. Mume wangu alirudi, akatazama, akasema "imekaa safi," kisha akaenda kuoga muda mrefu.

Wiki saba nilizoishi na ile rangi sijivunii. Nilinunua foronya za mito za manjano, 38,000, nikidhani tatizo ni makochi. Nikahamisha kabati. Nikabadilisha mapazia na ya chumbani. Wageni walipokuja niliwakaribisha barazani, nikisema ndani kuna joto, na ilikuwa Julai. Mama mkwe alipokuja kutoka Tanga alikaa ndani siku ya kwanza, akajifunga khanga mabegani, akaniambia kwa upole, "Mwanangu, hii sebule yako ina baridi." Nikamwambia ni upepo. Kilichoniuma hasa hakikuwa ukuta. Nilikuwa nimeshinda mabishano, na sasa kila nikikaa kwenye kochi naangalia ushindi wangu.

Aliyenifungua macho ni fundi yuleyule, alipokuja kumalizia dari ya jipsamu ya korido. Nilimuuliza kwa mzunguko, kama vile namwulizia mtu mwingine: hivi kijivu kinaweza kugeuka? Akacheka. Akanipeleka kwenye ndoo, akanionyesha ile karatasi iliyobandikwa kwenye mfuniko, yenye namba za rangi zilizodondoshwa na mashine na kiasi chake. "Kijivu hiki kina buluu ndani. Niliona siku ya kwanza." Nikamuuliza mbona hukusema. Akanijibu, "Ulikuja nayo umeifurahia, mama. Na sikuulizwa."

Hilo nimelikalia sana. Mafundi wetu wengi wanajua, lakini hawatakuvunjia furaha yako na kazi yao kwa wakati mmoja. Ukitaka wakuambie, uliza kabla hujanunua, tena uliza swali lenye mlango: "Ingekuwa kwako ungeipaka chumba gani?" Ukiuliza "ni nzuri, eti?" utajibiwa ni nzuri.

Tukatoka naye hadi dirishani. Goba ni milima na mabonde, na nyumba ya jirani wa kusini iko chini yetu, kiasi kwamba paa lake liko usawa wa dirisha la sebule. Bati la buluu. Nililiona kila siku na sikuwahi kuliona. Dirisha letu kubwa linatazama kusini, na huku kwetu Juni na Julai jua linapita upande wa kaskazini. Maana yake dirisha halipati jua lenyewe hata dakika moja, lakini mteremko wa lile bati unaotutazama unalipata lote, unalirudisha moja kwa moja sebuleni likiwa limeshavaa buluu. Juu ya hapo tuna baraza pana linaloziba anga. Na usiku? Nilikuwa nimefunga taa sita nyeupe zile kali, zilizoandikwa 6500K kwenye boksi (namba ya rangi ya mwanga: ikiwa kubwa unaelekea buluu, ikiwa ndogo unaelekea manjano), kwa sababu dukani ndizo zinazoonekana zina mwanga mwingi. Ukuta wenye buluu ndani, mwanga wa buluu mchana, taa za buluu usiku. Ningetaka kuharibu makusudi nisingeweza kupanga vizuri hivyo.

Ile picha ya kwenye simu, niliitafuta tena. Chumba chenye madirisha marefu, jua la jioni limelala sakafuni, mbao kila mahali. Kijivu kilekile pengine. Mwanga wa watu wengine.

Safari hii nilitaka kulinganisha kweli. Nilirudi dukani nikanunua lita moja ya mchanga, 12,000. Kijivu ninacho tele, lakini kilikuwa ukutani tayari, na ukibandika rangi mpya juu ya ukuta wa zamani jicho linadanganywa. Mchanga pembeni ya kile kijivu ulionekana wa pinki. Fundi akanipa vipande viwili vya jipsamu bodi vilivyobaki kwenye dari, nikavikata kama sentimita 60 kwa 60. Kimoja nikapaka kijivu mikono miwili, kingine mchanga mikono miwili, vyote nikaviachia ukingo mweupe wa vidole vinne pande zote usiopakwa kitu. Huo ukingo ndio siri. Unalipatia jicho weupe wa kupimia, na kinachojificha ndani ya rangi kinatoka. Ukiwa dukani huna bodi, weka kadi juu ya karatasi nyeupe tupu ya kawaida, usiiweke juu ya kaunta. Kijivu changu juu ya karatasi kilijitangaza chenyewe, zambarau ile pale, sekunde tatu. Nililia kidogo, nisiwafiche. Shilingi 263,000, na karatasi ilikuwa kwenye mkoba wangu siku ile.

Kwa siku nne nilizungusha vile vibao. Asubuhi saa moja ukuta wa mashariki, saa saba ukuta unaotazama dirisha, saa kumi na moja jioni nyuma ya televisheni, saa mbili usiku kila mahali. Niliviegemeza wima, kwa sababu rangi iliyolazwa mezani inapokea mwanga wa juu na kuonekana nyepesi kuliko itakavyokuwa ukutani. Watoto walidhani nimeanza biashara.

Kijivu hakikunishangaza. Saa saba kilikuwa buluu, usiku buluu. Lakini jioni ya siku ya pili umeme ulikatika, tukawasha kandili, na kijivu kikawa kizuri mpaka nikaita watu waje waone. Kimya, kizito, kama ukuta wa mawe. Nilipata jibu pale: nilikuwa nimelalamikia ndoo wakati nusu ya kosa ilikuwa kwenye taa.

Mchanga nao una tabia zake, msije mkadhani ni malaika. Chini ya zile taa nyeupe ulikuwa kama uji wa ulezi uliopoa ukaota utando. Saa saba mchana, pale ambapo kijivu kinageuka buluu, mwanga uleule wa bati uliuua unjano wa mchanga, ikabaki rangi tulivu isiyo na jina, kijivu chenye joto. Yaani kile nilichokuwa nakitafuta tangu mwanzo nilikipata kwa kutokinunua. Asubuhi ulikuwa wa maziwa ya chai. Kona ya mlango wa jikoni tu ndiyo iliyonisumbua, hapafiki mwanga wa kutosha na kibao kilionekana kichafu, kama kimeshikwashikwa.

Nikabadilisha taa mbili kwanza, nikaweka za 3000K, za manjano yenye utulivu, nikaangalia tena usiku. Uji wa ulezi ukaondoka. Hapo ndipo nilipomwita mume wangu. Nilikuwa nimeandaa hotuba. Akaangalia vibao viwili, akaonyesha mchanga, akasema, "Si hii hii niliyosema?" Nikamjibu ndiyo. Akaniuliza kama kuna chai.

Kwa ajili ya ile kona ya giza fundi alinishauri niombe dukani wapunguze nguvu: namba ileile ya mchanga, lakini mashine idondoshe nusu ya kiasi. Sikujua kwamba kitu hicho kinawezekana. Muuzaji alisema kinawezekana, ila nichanganyishe galoni zote siku moja, kwa mkupuo mmoja, kwa sababu ukirudi wiki ijayo galoni ya tatu inaweza kutofautiana kidogo na ukaja kuona mpaka katikati ya ukuta. Fundi akaenda mbali zaidi, alizimimina zote kwenye beseni moja kubwa akakoroga kabla ya kuanza. Na kabla ya hapo nilinunua lita nyingine ya ile nusu, 12,000 tena, nikapaka kibao cha tatu. Nilishaungua, siachi.

Jambo jingine nililolibadilisha ni mng'ao. Ndoo ya kwanza ilikuwa ya kung'aa, ile wanayoisifia kwamba inafutika. Inafutika, lakini mwanga wa dirisha ukiingia kwa pembeni kila wimbi la lipu linaonekana, kila mahali fundi wa lipu alipochoka. Safari ya pili nilichukua isiyong'aa sana. Mikono ya watoto inaacha alama zaidi, sitasema uongo, nafuta kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo na wakati mwingine doa linabaki. Nimechagua madoa kuliko mawimbi. Mwenye watoto wadogo kuliko wangu pengine achague mawimbi.

Gharama ya mara ya pili: galoni tatu za lita 4 kwa 38,000 kila moja, 114,000. Lita mbili za majaribio, 24,000. Fundi alinipunguzia, 60,000, nadhani dhamiri ilimgusa. Taa sita 27,000. Jumla 225,000. Ukijumlisha na ya kwanza ni 488,000 kwa chumba kimoja, bila foronya za manjano, ambazo kwa bahati mbaya haziendani na mchanga hata kidogo na sasa ziko stoo. Kama ningeanza na lita mbili na vipande vya jipsamu, ningetumia chini ya nusu. Vibao vilinila 24,000 na siku nne. Bei hizo ni za dukani nilikonunua mimi wakati ule, msiende nazo Kariakoo kugombana na mtu.

Hakukuwa na haja ya kukwangua kijivu. Kilikuwa kimeshika vizuri. Fundi alikipitishia msasa laini kuvunja mng'ao, akafuta vumbi kwa kitambaa kibichi, akaacha kukauke, akapiga mikono miwili. Kama kungekuwa na sehemu zilizobabuka kwa unyevu, hiyo ni habari nyingine, hapo unatibu maji kwanza na rangi baadaye. Siku ya pili ilinyesha na mkono wa mwisho ulichelewa kukauka mpaka asubuhi. Tulilala na madirisha wazi na mbu wote wa Goba.

Desemba ilipofika niliogopa kidogo. Jua limehamia kusini, asubuhi linaingia kwa pembeni hadi nusu ya sebule, na bati la jirani halitutupii tena buluu kama ile ya Julai. Mchanga umekuwa wa njano zaidi kuliko Julai, kuna saa ya asubuhi ambayo unakaribia kabisa krimu. Mume wangu ameliona hilo. Hajasema kitu, ila anakunywa chai yake pale pale kwenye jua.

Ndoo ya kijivu ilibaki na lita kumi na moja, imekaa stoo inanitazama. Sikutaka kuitupa, nikaipaka chumba cha watoto mimi mwenyewe, wikiendi mbili, kwa rola ya zamani. Chumba kile dirisha lake linatazama magharibi, nje ni uwanja wa udongo mwekundu tu, hakuna bati la mtu. Saa kumi na moja jioni jua linaingia mpaka kwenye mito. Mama mkwe alipokuja tena mwezi uliopita alilala huko, na asubuhi akaniuliza hii rangi nzuri nimeipata wapi, kwa nini sikupaka na sebuleni. Nikamwonyesha ile karatasi ya kwenye mfuniko, maana nimeitunza.